Sokoke au Abisinia? Vidokezo vya Kuchagua Paka wa Familia

Watoto wameshaomba, wazazi wameshakubali, na sasa nyumba inabishana juu ya jambo moja tu: paka yupi? Kwa anayetaka paka wa manyoya mafupi, asiyehitaji kuchanwa kila asubuhi, wapo wa kila namna. Hapa nawaleta wawili ambao majina yao ni ya upande wetu wa dunia: Sokoke, aliyeanzia msitu wa Pwani ya Kenya, na Abisinia, aliyepewa jina la Uhabeshi wa zamani. Wote wawili ni wembamba, wepesi, wana akili na wanapenda kupanda juu. Ukiwaangalia pichani unaweza kudhani tofauti yao ni rangi tu. Sivyo. Tofauti kubwa ni namna kila mmoja anavyofungamana na watu, na hilo halionekani pichani.

1. Wajueni asili yao

Msitu wa Arabuko-Sokoke uko katika Kaunti ya Kilifi, kati ya mji wa Kilifi na Malindi. Wagiriama wa maeneo hayo waliwajua paka hawa muda mrefu kabla ya wageni, wakawaita kadzonzo kwa sababu manyoya yao yanafanana na gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi karibu na Watamu, alimkuta shambani kwake paka jike na watoto wake, akachukua baadhi yao kuwalea. Rafiki yake Gloria Moeldrup akapeleka wa kizazi chao Denmark, na mwaka 1984 wakaonyeshwa huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirikisho la paka la Ulaya, FIFe, likamtambua Sokoke kuwa aina kamili.

Abisinia ana hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilipigana na Mfalme Tewodros II wa Uhabeshi, na inasimuliwa kwamba askari waliporudi kwao walikuja na paka aitwaye Zula, jina la mahali walikoteremkia pwani ya Bahari ya Shamu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1871, paka wa Abisinia walikuwa tayari kwenye maonyesho ya Crystal Palace, London.

Watafiti wa vinasaba wameongeza jambo ambalo sisi wa Pwani tunalielewa haraka. Sokoke ana undugu na paka wa mitaani wa Lamu na Pate, na wote hao wako karibu na paka wa Asia. Hata Abisinia, pamoja na jina lake, anaelekea kuwa na asili kwenye pwani za Bahari ya Hindi. Anayejua majahazi ya kaskazi na kusi, na panya waliojaa humo pamoja na nafaka, hatashangaa paka walisafiri vipi.

Mnunuzi na akumbuke hili: Sokoke si mnyama wa mwitu. Ni paka wa nyumbani aliyeishi muda mrefu pembezoni mwa msitu. Mtu akikuuzia kwa kumsifia kuwa “nusu chui”, ondoka.

2. Hesabuni saa ambazo kuna mtu nyumbani

Hiki ndicho kidokezo ninachokiamini kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nacho.

Abisinia hatulii. Ataamka nanyi alfajiri, atakagua sufuria, atapanda juu ya friji, atajifunza kufungua kabati lenye mlango mwepesi, na atataka muwe naye katika shughuli zote hizo. Wengi wao hawapendi kupakatwa kwa muda mrefu. Wanachopenda ni kuwapo pale mnapofanya jambo, awe anayefua, anayechambua mchele au anayefanya hesabu za shule. Sauti yake ni ndogo, hivyo upweke ukimzidi hatapiga makelele. Atajitafutia kazi, na kazi hiyo huenda ikawa pazia lenu jipya. Kama nyumba hubaki tupu tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Abisinia mmoja peke yake si paka wenu. Paka wa aina hii akikosa shughuli huteseka kweli, na mateso yake watu huyaita utundu.

Sokoke naye ni mchangamfu, lakini anaangalia kwanza, kisha ndipo anatenda. Wanaomfuga wanamweleza kuwa paka wa mazungumzo: ukimsemesha anajibu, ukihama chumba anakufuata. Hujenga mapenzi makubwa kwa watu wake, na mara nyingi huwa na mmoja aliye wake hasa. Nyumba yenye bibi anayeshinda hapo, au mzazi anayefanyia kazi nyumbani, inamfaa sana. Msije mkashangaa tu watoto wakilalamika kwamba paka ni “wa bibi”.

Fanyeni hivi kabla ya kuamua. Andikeni kwa wiki moja nani yuko nyumbani saa ngapi, na jioni nani ana nafasi ya dakika 15 za kucheza na paka kwa kamba yenye unyoya au mpira wa karatasi. Abisinia anahitaji vipindi kama hivyo angalau viwili kwa siku, kila siku, hata siku ya msiba na siku ya mtihani. Karatasi ikionyesha hamna mtu, msijidanganye kwamba mtabadilika akishafika.

3. Mkiwa watu wa kuhama, Sokoke apumzike

Kuna familia ambazo kazi huwahamisha: mwalimu anapangiwa kituo kipya, askari anabadilishwa mkoa, mwingine yuko Muscat kwa mkataba wa miaka miwili. Sokoke hachukulii mabadiliko hayo kirahisi, na la kumhamishia kwa mtu mwingine ndilo zito zaidi. Akishafungamana na watu wake, kumkabidhi kwa jirani au shangazi “mpaka turudi” ni kumvunja. Abisinia naye atasumbuka, maana hakuna paka anayefurahia kuhama, lakini huyu anapenda watu kwa upana na udadisi wake humsaidia kuizoea nyumba mpya.

4. Umri wa watoto una uzito

Kwa watoto wa miaka 7 na kuendelea, Abisinia ni rafiki wa ajabu. Atakimbiza kamba, wengine hujifunza kurudisha kitu kilichotupwa, na mtoto mwenye subira anaweza kumfundisha kuja akiitwa. Mtoto mtulivu zaidi, anayependa kusoma au kuchora, atafurahia Sokoke anayekaa pembeni yake na kusema naye kidogo kidogo.

Kwa watoto wa chini ya miaka 5, aina ya paka haina tofauti kubwa kama uangalizi wenu. Msimwache mtoto mdogo na paka yeyote bila mtu mzima. Na kabla paka hajafika, wafundisheni watoto wote mambo manne: paka aliyelala haamshwi, anayekula haguswi, mkia hauvutwi, na paka akirudisha masikio nyuma au akipiga mkia huku na huku, mchezo umekwisha. Mtoto aliyeelewa hili la mwisho hakwaruzwi ovyo.

Nyumba nyingi zetu hupokea wageni wengi wikendi, binamu kumi kwa mpigo. Hapo Sokoke anaweza kupotea chini ya kitanda hadi Jumatatu. Mtengenezeeni mahali pa juu, juu ya kabati kwa mfano, na iwe sheria kwamba akiwa huko hashushwi na mtu.

5. Manyoya mafupi hayaponyi mzio

Familia nyingi huchagua paka wa manyoya mafupi kwa sababu mmoja wao ana mafua ya mzio au pumu. Kinachowasha pua na macho hasa ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Paka anapojilamba huipaka mwili mzima, ikikauka inaruka hewani. Sokoke anayo, Abisinia anayo. Mwenye pumu na akakae na paka wa watu kwa saa kadhaa, zaidi ya mara moja, kabla hamjaleta wenu.

6. Ulizeni vipimo, na msione haya

Hapa Abisinia anahitaji macho makali zaidi. Kuna ugonjwa wa kurithi wa retina unaompofusha paka polepole akiwa bado na miaka michache. Kuna pia upungufu wa kimeng'enya cha pairuveti kinasi, ambao hufanya chembe nyekundu za damu zivunjike mapema, paka akaishiwa damu. Yote mawili humpata paka aliyerithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, na yote mawili yana kipimo cha vinasaba kinachofanywa kwa kupangusa ndani ya shavu. Kwa hiyo swali kwa mfugaji ni rahisi: “Nionyeshe majibu ya baba na mama.” Mfugaji mwema atakuwa ameyaweka tayari. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Aina hii imetufundisha mengi katika eneo hilo. Mwaka 2007, wanasayansi walipotangaza ramani ya kwanza ya vinasaba vya paka, aliyetoa vinasaba hivyo alikuwa Abisinia jike aitwaye Cinnamon, wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani. Alitoka katika ukoo uliokuwa ukichunguzwa kwa sababu ya ugonjwa huohuo wa macho.

Abisinia pia wameonekana kupata zaidi ya wengine ugonjwa wa protini kujikusanya kwenye figo. Huo hauna kipimo cha namna hiyo, kwa hiyo ulizeni mababu wa paka wenu waliishi miaka mingapi na walikufa kwa nini.

Kwa Sokoke, jambo la kuuliza ni udugu wa wazazi. Aina hii nje ya Kenya ilijengwa kwa paka wachache mno, ndiyo maana miaka ya mwanzo ya 2000 walipelekwa wengine kutoka Pwani ili kupanua damu. Tazameni karatasi ya nasaba. Mkiona babu mmoja anajirudia pande zote mbili, tafuteni kwingine.

7. Mpangilio wa nyumba

Wote wawili ni wapandaji. Sokoke ana miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, na mwendo wake ni wa kunyata kwa ncha za vidole. Mkiishi ghorofani, wekeni wavu imara madirishani na kwenye roshani kabla paka hajaingia. Wavu wa mbu hautoshi, paka akiuegemea unachomoka.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kuwatengenezea nguzo ya mti iliyozungushiwa kamba ya katani, ndefu kiasi cha paka kujinyoosha wima. Ongezeni rafu mbili tatu ukutani. Nguzo hiyo itaokoa makochi yenu. Joto la Mombasa, Tanga au Zanzibar halimsumbui yeyote kati yao, ilimradi wapate kivuli na maji safi. Ndugu zetu wa Toronto au Stockholm wakumbuke kwamba Sokoke ana manyoya machache sana ya ndani, hivyo mahali pake pa kulala pawe pa joto.

8. Chakula, na hatari za jikoni

Hapa hawatofautiani, nami sitawachosha. Paka ni mla nyama. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo imo kwenye nyama na samaki na haimo kwenye ugali wala wali. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Ugali kwa mchuzi hautoshi kuwa mlo wake. Dagaa waliooshwa na kupikwa bila chumvi, maini kidogo, nyama ya kuku isiyo na mifupa iliyopikwa: hivyo ni vizuri kuongezea chakula kamili cha paka. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa.

Mabaki ya pilau yasimfikie, kwa sababu vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu yake. Na tafadhali shikeni haya mawili: kidonge kimoja cha parasetamo kinaweza kumuua paka, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini inaweza kumuua pia. Watu wazuri kabisa wameua paka wao wakidhani wanawatibu.

9. Kama mko Pwani, tazameni kwanza uani kwenu

Wafugaji wa Sokoke waliosajiliwa ni wachache duniani, wengi wao wako Ulaya na Marekani, na anayemtaka hupanga foleni. Wa Abisinia ni wengi zaidi. Lakini msomaji wa Watamu, Malindi au Lamu ana nafasi ambayo mtu wa Copenhagen hana: paka wenye undugu na Sokoke wanakatiza kibarazani kwake. Mimi, katika nafasi yako, nisingelipa pesa nyingi kabla ya kuwaangalia hao.

Kuna masharti. Usimtege paka msituni. Arabuko-Sokoke ni msitu wa hifadhi, na paka aliyekua bila kuguswa na mtu hafai kuletwa ndani kwa watoto. Paka huzoea binadamu kwa urahisi zaidi akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7, kwa hiyo tafuta aliyezaliwa stoo, jikoni au dukani kwa mtu, aliyeshikwashikwa tangu mdogo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku za mwanzo: dawa ya minyoo, chanjo za maradhi ya paka, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha wiki 12. Hatakuwa na karatasi ya nasaba, na mtu akikuuzia moja sokoni usiiamini. Atakuwa na mabaka yaleyale ya Sokoke, au hatakuwa nayo, na watoto watampenda hivyohivyo.

Mkitarajia kuhamia nchi za Umoja wa Ulaya naye, anzeni mapema sana. Paka anayetoka Kenya au Tanzania hutakiwa kuwa na chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu kinachochukuliwa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha kusubiri miezi 3 tangu damu ilipotolewa.

10. Wawili ni rahisi kuliko mmoja

Kwa wanaoshinda kazini, ushauri wangu ni Abisinia wawili waliozaliwa pamoja. Gharama ya chakula inaongezeka, lakini pazia linabaki salama na paka wanakua na furaha. Sokoke pia hufungamana sana na paka wenzake. Wahasiwe wote, dume na jike. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 5 tu, hata kwa kaka yake, na mimba huchukua takribani siku 65.

11. Nendeni mkamwone mama yake

Msichague mtoto wa paka kwa picha ya simu. Nendeni pale alipozaliwa, na watoto wenu wote, mkae chini sakafuni nusu saa bila kumkimbiza yeyote. Mama akiwakaribia bila woga, ni dalili njema kwa wanawe. Angalieni macho yasiyo na tongo, pua kavu isiyo na makamasi, tumbo lisilovimba, na chini ya mkia palipo safi. Kati ya Abisinia, watoto wa paka watawavamia mara moja, basi mchagueni anayejua pia kutulia. Kati ya Sokoke, wapeni muda zaidi. Anayekuja wa tatu au wa nne, akanusa mkono, akaondoka, kisha akarudi mwenyewe, huyo namwamini kuliko aliyerukia wa kwanza. Asichukuliwe kabla ya wiki 12, hata mfugaji akisema ameshaacha kunyonya.

12. Kabla ya kulipa, mpeni mtu kazi ya mchanga

Beseni la mchanga linahitaji kuondolewa uchafu kila siku, na kwa paka wawili wekeni mabeseni matatu. Mwenye mimba asipewe kazi hii, kwa sababu ya vijidudu vya toksoplasma. Kinyesi kikiondolewa kila siku, vijidudu hivyo havipati muda wa kukomaa hadi kuambukiza. Mtoto wa miaka 10 anaiweza kazi hii akiwa na glavu na sabuni ya kunawia, lakini mtu mzima awe ndiye mwenye dhamana. Mkishamtaja kwa jina, na mwenyewe akakubali mbele ya wote, mpigieni mfugaji simu.